Vyoo Saba vya Mkaguzi

Mkaguzi alirudi nyumbani Alhamisi mchana akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na ndani ya begi lake la ngozi yalikuwemo matokeo ya vyoo saba. Hakuketi. Aliliweka begi juu ya meza ya kukatia nguo, akaisukuma pembeni suruali ya mteja, akatoa karatasi moja moja na kuzipanga mstari.

"Mke wangu," akasema, "njia iko wazi."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakuondoa mguu kwenye pedali. Alimaliza pindo alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua macho.

"Umekula?"

"Sijala. Nimekagua."

Inafaa tumweleze mtu huyu mapema. Alikuwa amekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake walipostaafu waliondoka na saa ya ukutani. Yeye aliondoka na boksi la fomu za ukaguzi zilizosahauliwa stoo, na tangu siku hiyo hakuna kilichosalimika. Alikwisha kumkagua kinyozi, zahanati na bomba la maji la mtaa. Aliikagua hata harusi ya mpwa wake, akampa bibi harusi daraja la pili kwa kuchelewa. Safari hii alikuwa ametoka siku tatu nzima, kiguu na njia, akipanda vigari vidogo na kushuka kila kituo, kuvikagua vyoo vya umma vyote vilivyo kati ya mji wao na mji anakoishi binti yao.

Usicheke bado. Alikuwa na sababu.

Binti yao alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue mtoto wake wa kwanza, na kila jioni alipiga simu akisema neno lile lile: "Mama, sitaki wifi, sitaki jirani, nakutaka wewe." Fundi alijibu kila mara, "Nitaona, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hataona kitu. Safari ilikuwa ya saa nane kwa basi. Na tangu amzae kitinda mimba wake, kibofu cha Fundi kilikuwa hakina subira. Kikisema sasa, ni sasa. Hakuwa amepanda basi kwa miaka minne.

Mara ya mwisho alimwomba dereva asimame, dereva akajibu kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma, "Mama, hili ni basi, siyo chumba chako!" Abiria wakaangua kicheko. Fundi akamgeukia mumewe. Na mumewe, aliyewahi kuwatetemesha walimu wakuu wa wilaya nzima, akatazama dirishani akanong'ona, "Jikaze kidogo." Fundi alijikaza mpaka mwili ukakataa. Mwisho wa safari alingoja watu wote washuke, ndipo akateremka akiwa amejifunga mtandio kiunoni. Hawakulizungumza jambo hilo tena, hata siku moja.

"Haya, soma," akasema sasa, akavuta kigoda.

Mkaguzi akavaa miwani. Katika kila fomu alikuwa amelikata neno 'Shule' kwa rula na kuandika juu yake 'Choo', lakini vichwa vingine aliviacha vilivyo, maana aliona vinatosha.

"Choo cha kwanza, saa mbili kutoka hapa. Mazingira ya kujifunzia: vigae vyeupe, sakafu kavu. Vifaa: ndoo tatu, makopo matatu, sabuni ipo. Mahudhurio: mazuri sana, hasa basi la asubuhi linapofika. Daraja la kwanza."

"Sabuni ipo kweli?"

"Nimeinusa. Cha pili: kopo moja, limetoboka, mwanafunzi hana budi kufanya haraka. Daraja la tatu. Cha tatu: mwanga wa kutosha, kwa kuwa hakuna paa. Daraja la tatu, la pili siku za jua."

Fundi alitaka kununa, lakini mdomo ulianza kumsaliti.

"Cha nne." Sauti ya Mkaguzi ikabadilika. "Cha nne ni fedheha. Somo linafika puani tangu barabarani. Mlango umeegemezwa tu, ukiugusa unakuangukia. Umeniangukia. Mhudumu, mama mmoja mkaidi, amekataa kutia sahihi kwenye nafasi ya Mwalimu Mkuu. Ati sijaona kitu. Nimemjibu nimeona vya kutosha. Sifuri. Kifungwe."

Akaendelea hadi cha saba, kilichokuwa na daraja la pili na maua mlangoni. Kisha akavua miwani. "Kwa hiyo Jumamosi unakunywa chai yako kama binadamu, unapanda basi, na choo cha kwanza unashuka kama malkia."

Fundi alizitazama zile karatasi, rula ilivyopita, mwandiko ulivyosimama. Siku tatu vumbini kwa ajili ya kibofu chake. Katika ndoa yao alikuwa amepewa vitenge, sufuria na saa moja ya mkononi, lakini hakuwahi kupewa kitu kilichomgusa hivi. Alichukua simu.

"Mwanangu, nakuja Jumamosi."

Binti akalia upande ule, mama akalia upande huu, na Mkaguzi, asiyejua pa kuiweka mikono yake, akatia alama ya vema pembeni mwa fomu.

*

Jumamosi Fundi alikunywa vikombe viwili vya chai. Tuliandike hili vizuri: viwili, vimejaa, kwa imani yake yote kwa mumewe. Walikaa kiti cha tatu nyuma ya dereva, yeye dirishani, begi la ngozi mapajani mwa Mkaguzi. Saa mbili baadaye basi likaingia kituo cha kwanza, kondakta akapiga bati kwa kiganja.

"Dakika kumi! Anayebaki, abaki na mizigo yake!"

Vigae vilikuwa vyeupe kweli. Bwana mmoja mwenye redio alikaa mlangoni akipokea sarafu. Fundi alimpa yake, akauliza upande wa wanawake. Yule bwana akanyoosha kidole kwenye mlango uliopakwa rangi vizuri na kufungwa kwa kufuli kubwa.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mwenye duka. Humo anaweka kreti zake za soda."

"Sasa akina mama wanakwenda wapi?"

Yule bwana akapunguza sauti ya redio. Alilifikiria swali lile kwa dhati, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza. "Kwa kweli, mama," akasema, "wengi huwa hawaendi."

Fundi akamgeukia mumewe polepole.

"Baba watoto. Ulipokagua hapa, uliingia upande wa wanawake?"

"Mimi? Mwanamume mzima, na mvi zangu? Ningepigwa!"

"Ulimtuma mwanamke yeyote akuangalizie?"

Mkaguzi akakohoa.

"Vyote saba?"

Alifungua begi, akatoa fomu, akaigeuza mbele na nyuma. "Fomu haina kipengele hicho," akasema.

Mungu amsamehe mtu huyu. Siku tatu za vumbi, kalamu mbili, rula moja, na wazo hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

"Basi simama mlangoni," akasema Fundi, "niingie humu humu kwenye daraja lako la kwanza."

Foleni ilikuwa na wanaume tisa. Mmoja alikwisha kuanza kutabasamu. Mkaguzi aliwatazama, akatazama viatu vyake. "Watatuonaje, mke wangu? Watu wazima... Ngoja kwanza nihakikishe dereva hatuachi." Akaondoka. Alipofika kwenye basi akayakagua matairi yake, moja baada ya jingine, kwa makini ambayo matairi hayo hayakuwahi kuyapata. Dakika kumi zikaisha, na Fundi akapanda na chai yake yote.

*

Basi liliukata upepo. Mkaguzi alikuwa na maelezo.

"Cha pili hakiko mbali. Dakika ishirini tu. Hakina sifa, lakini..."

Cha pili kikapita dirishani. Nusu saa baadaye kikapita cha tatu na jua lake. Mkaguzi akamshika kondakta mkono.

"Mbona hamsimami?"

"Mzee, hili ni basi la haraka. Hatuchezi na vituo vidogo. Tunasimama tena saa saba na nusu."

Ilikuwa saa tano. Mkaguzi alirudi kitini taratibu. Alikuwa amevifikia vituo vile kwa vigari vidogo vinavyosimama hata kwa kuku, na hakuwa amewaza kuuliza basi kubwa linasimama wapi. Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, miguu imepishana, jasho jembamba juu ya mdomo.

Simu ikalia. Alikuwa binti.

"Mama, mmefika wapi? Nimetandika kitanda chako karibu na changu."

"Tuko njiani, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi wake.

Alipokata simu alisema kwa sauti ya chini, akitazama mbele: "Nisikilize vizuri. Nikifika kule vile nilivyofika siku ile, sishuki. Nitageuza na basi hili hili. Siwezi kuingia nyumba ya mwanangu nikiwa hivyo, nikampokea mjukuu wangu. Siwezi. Na usiniambie nijikaze."

Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Mkaguzi. Alilimeza, nalo likashuka kwa shida. Aliitazama mikono ya mkewe, ile mikono iliyoshona sare za watoto wao na za watoto wa nusu ya mtaa, imekaza hadi vifundo vimepauka. Ndipo akajiambia jambo alilokuwa amelikwepa kwa miaka minne. Siku ile si dereva aliyemvunja moyo mkewe. Dereva alikuwa mtu baki. Aliyemvunja moyo alikuwa mtu aliyekaa naye kiti kimoja. Aibu ilimpata, na haikuwa ile ya kuchekwa na foleni.

Nje, kwa mbali, kiliibuka kibao chenye herufi zilizobabuka. Choo cha nne.

Mkaguzi akasimama. Alitembea mbele akishikilia viti, akafika ubavuni mwa dereva.

"Simama hapa."

"Saa saba na nusu, mzee wangu."

"Nimesema simama hapa."

"Hapa?" Dereva akacheka. "Hapa hata nzi wanapita wameziba pua. Nani anayetaka kushuka hapa?"

Shingo zilirefuka hadi kiti cha nyuma. Fundi alifumba macho, akingoja kutajwa.

"Ni mimi," akasema Mkaguzi kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwenye viwanja vya shule. "Mimi nimebanwa."

Kicheko kilichofuata kilitikisa vioo. "Mzee mzima!" akapaza mmoja. "Jikaze, babu!" akadakia mwingine.

"Nimejikaza tangu asubuhi, nimeshindwa!" Mkaguzi akawageukia wote, begi kifuani. "Mimi ni mstaafu. Na kila nilicho nacho kimestaafu! Sasa dereva, chagua. Ama usimame, ama nikae hapa hapa kwenye kiti hiki kilicho karibu yako, tufike mjini pamoja, na kila mtu aone kilichotokea."

Dereva alikitazama kile kiti. Kilikuwa na kitambaa kipya chenye manyoya mekundu, alichokinunua mwenyewe. Akakanyaga breki.

"Dakika tano!"

"Kumi," akasema Mkaguzi, akasogea pembeni.

Fundi akapita kama mshale. Nyuma yake akainuka mama mwenye kikapu. Nyuma yake msichana wa chuo, kisha mama mjamzito, kisha wawili waliokuwa wamejifanya wamelala. Kumi na mmoja kwa jumla, na njia nzima hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema neno.

*

Mhudumu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alipomwona Mkaguzi akakunja mikono.

"Ehee! Mzee wa sifuri amerudi. Umekuja kufunga?"

"Mama, wako wengi, wana haraka..."

"Nawaona. Akina mama, huku, siyo huko! Zungukeni!"

Mkaguzi aliwafuata hadi kwenye kona, akachungulia, akavua kofia. Nyuma ya lile banda lililompa mhudumu jina baya kulikuwa na vyumba vitatu vyenye milango iliyosimama wima, kila mmoja na komeo lake. Sakafu ilisuguliwa hadi ikang'aa. Mapipa yalijaa maji. Palikuwa na msumari wa kutundikia mkoba, kioo kidogo, na kipande cha sabuni juu ya kisahani.

"Upande wa wanaume una mwenyewe," akasema mhudumu, "na mwenyewe huonekana siku ya mshahara tu. Huku ndiko kwangu. Nilikuambia hujaona kitu."

"Uliniambia," Mkaguzi akakubali.

"Sasa usisimame kama nguzo. Maji hayatatosha watu wote hawa, naenda kisimani. Kaa kitini pangu. Kila anayeingia mpe kopo limejaa. Akitoka, lipokee, lijaze tena."

Na Mkaguzi akakaa. Aliteka, akagawa, akapokea. Maji yalimwagikia suruali mahali pabaya kuliko pote, na wanaume waliokuwa wameshuka kunyoosha miguu wakaliona hilo mara moja.

"Kumbe kweli alikuwa amezidiwa!"

"Mzee wa makopo! Umechelewa, babu!"

Masikio yalimwaka moto. Lakini safari hii hakwenda kuangalia matairi. Honi ikalia. Kondakta akaja mbio.

"Mzee, umeshajisaidia?"

"Mimi bado."

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Nasimamia mahudhurio. Wamebaki wanne."

"Dereva anasema anaondoka!"

"Mwambie fomu zangu zina nafasi ya madereva pia," akasema Mkaguzi, akamkabidhi mama mjamzito kopo lake. "Pole pole, mwanangu. Hakuna anayekufukuza."

Fundi alitoka uso umeoshwa, mabega yameshuka, mtandio wake uko begani unakopaswa kuwa. Alimkuta mumewe na makopo mawili mapajani, suruali imelowa, miwani imeingia ukungu, watu wanamcheka kwa zamu. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu kuliko dakika walizopewa. Kisha akainama, akaokota kopo la tatu, akalijaza.

Mhudumu aliporudi na ndoo zake, Mkaguzi alikuwa ameshaitoa fomu ya choo cha nne. Aliikata sifuri kwa rula, akaandika 'Daraja la kwanza, upande wa wanawake', na chini yake, kwa herufi ndogo, 'Mkaguzi hakuwa ameona kitu'. Yule mama akausoma mstari huo mara mbili. Akajifuta mikono kwenye gauni, akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya Mwalimu Mkuu akaweka sahihi ndefu yenye mikia.

*

Basi lilipokwisha kushika kasi, Fundi akanyoosha mkono.

"Nipe fomu moja. Safi. Na kalamu."

Mkaguzi akampa, akafurahi. Alidhani mkewe naye ameipenda kazi. Fundi aliandika akiwa amekiinamia kiganja chake, akificha kama mtoto wa shule. Mama mwenye kikapu, kiti cha pili, akageuka akawapa kila mmoja ndizi. Wanaume wa nyuma bado walikuwa wakiimba wimbo wa makopo walioutunga wenyewe, na haukuwa mbaya.

Simu ikalia tena.

"Mama? Uko salama?"

"Niko salama, mwanangu. Bandika maji, nitataka chai nikifika."

Akamaliza kuandika, akamsukumia mumewe karatasi. Juu kabisa, neno 'Shule' lilikuwa limekatwa bila rula, na badala yake ameandika 'Mume'.

Mkaguzi alisoma. Mazingira: yamelowa. Vifaa: makopo matatu. Mahudhurio: siku ile hakuwepo, ingawa alikuwa amekaa karibu nami. Nidhamu: inaridhisha. Kisha akafika kwenye nafasi ya maoni, na hapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Palikuwa na mstari mmoja. 'Amechelewa miaka minne. Leo amefika.'

Alitaka kuomba msamaha na maneno yakakataa kupangika, hivyo akafanya jambo pekee aliloliweza; akatafuta kalamu akatia sahihi. Ndipo jicho lake likaangukia chini kabisa.

"Daraja la pili?" akasema. "Baada ya yote yale? Kwa nini lisiwe la kwanza?"

Fundi alikuwa ameegemea dirisha, anamenya ndizi yake.

"Tulia," akasema. "Kuna safari ya kurudi."